Dawa Yenye Risiti

Guangzhou, 6 Oktoba 2024

Swalha mwanangu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila miguu imevimba na nimechoka uchovu wa mtu ambaye hata akilala anaota anafunga maboksi. Maulid wa viatu anakuja huko Bangkok kesho, nimempa barua hii akufikishie mkononi. Usinicheke kwa kuandika kwa kalamu. WhatsApp huku imefungwa, mpaka uibe njia, na ukishaipata inakukatikia katikati ya neno. Na hizo sauti za kurekodi siziwezi. Nyumba hii kuta zake kama karatasi, nikikwambia la ndani linasikika mpaka kwa Mchina wa ghorofa ya juu.

Ghalib mumeo kanipa habari alipopita hapa akielekea Dar. Mwanamme yule hajui kuficha. Alikuja kuulizia konteina lake kama limeshaondoka bandari ya Huangpu, akaishia kucheka peke yake mpaka nikamuuliza kulikoni. Miezi miwili, kasema. Nikakaa juu ya bandali la madera nikalia. Ile mimba ya mwaka jana ilipotoka sikukuuliza kitu, nikiogopa kukutonesha, lakini jua kwamba niliijua na niliililia.

Sasa nisikilize. Mama yako angekuwa hai ningenyamaza, yeye ndiye mwenye haki. Lakini hayupo, na mimi ndiye dada wa baba yako, sina mwengine wa kumlea uzazi. Mimba ikifika mwezi wa saba utakuja kwangu. Wanawake wetu wengi wamejifungulia hapa, hospitali wameshatuzoea. Chumba cha nyuma nimekitoa mizigo. Nitakukanda, nitakupikia uji wa pilipili manga, na arobaini yako utaimaliza humu humu, hutagusa hata kijiko.

Niandikie unakula nini, na Ghalib akiwa Dar nani yupo nawe.

Shangazi yako,
Bimdogo


Bangkok, 19 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imelainika. Umeniuliza ninakula nini, nami sitaki kukudanganya, sili kitu. Natapika chai, natapika maji, nikishamaliza hayo natapika nyongo. Ghalib anapiga simu kila siku kuniuliza kama nimekula, nami namwambia nimekula, kwa sababu akiwa Dar na konteina limekwama bandarini atafanya nini? Umeuliza nani yupo nami. Majirani wema, tunachekeana kwenye ngazi, lakini lugha yao siijui na yangu hawaijui. Nikikata simu ya Ghalib ndiyo basi mpaka kesho.

Lakini usiwe na wasiwasi, nimepata dawa. Duka lenyewe liko chini ya nyumba yetu. Ni dawa ya majani, imetengenezwa kama pipi laini, unakula nusu asubuhi. Serikali ya huku imeiruhusu, leseni imetundikwa ukutani, na ukinunua unapewa risiti kama umenunua mkate. Msichana anayeuza ana roho nzuri, akiniona nimepauka ananipa maji ninywe. Nikila ile nusu, baada ya muda naweza kunywa chai na biskuti na zikakaa.

Kwa hiyo mwezi wa saba nitakuja, Inshallah. Nataka sana kuja. Nikifikiria chumba chako cha nyuma napata nguvu ya kuamka.

Mwanao,
Swalha


Guangzhou, 3 Novemba 2024

Mwanangu,

Alhamdulillah, na Mungu ampe afya huyo aliyeitengeneza hiyo dawa. Umenipumzisha moyo, maana mwili haujapumzika. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yanaisha kesho, na mwezi mzima huu nimekuwa mkalimani wa wateja kutoka Dar wanaotaka bei ya bure. Mtu anamwambia laobani, tajiri mwenye kiwanda, kitu ambacho hata mimi naona haya kukitafsiri.

Sasa nina ombi. Hapa ninaye mpangaji, Muzdalifa, mke wa kijana mmoja wa Tanga anayenunua vipuri. Ana mimba ya miezi minne na anatapika kama wewe, maskini, uso umebaki macho tu. Hospitali wanamwambia ale kidogo kidogo, basi. Nikamwambia mwanangu wa Bangkok kapata dawa ya majani, ya serikali, yenye risiti. Ijumaa nilipokuwa na wanawake wenzangu nikaisifia tena, kila mmoja anaitaka, hata wasio na mimba.

Maulid atakuwa huko Alhamisi. Nimeshamwambia apite kwako achukue pakiti mbili aje nazo. Hajakataa, unamjua, mzigo wa mtu haukatai. Zifunge vizuri zisipondeke. Usiwe mchoyo, kizuri kula na wenzio.

Shangazi yako,
Bimdogo


Bangkok, 8 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Maulid alikuja jana na sikumpa kitu. Nilimwambia dawa imekwisha na duka limefungwa, hali duka aliliona liko wazi alipokuwa akipanda ngazi. Ameondoka amenuna. Barua hii nimempa dada mmoja wa Zanzibar anayekuja huko kununua vitambaa.

Usimwagize mtu tena. Usiisifie tena kwa mtu. Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena, sasa naandika bila kuchagua maneno. Hiyo dawa ni bangi.

Najua umekaa chini. Lakini nisikilize kabla hujakasirika. Huku si kama nyumbani, bangi ya kufukuzana na askari vichakani. Duka lina vioo na taa kama la manukato, liko ubavuni mwa duka la dawa, wazungu wanaingia na watoto wao kwenye vigari. Nilijiuliza, kama ingekuwa sumu wangeipa leseni? Nikajijibu mwenyewe. Ukiwa unatapika hivi, shangazi, huchelewi kujijibu.

Ulipoandika kwamba Maulid anakuja kuichukua ndipo nilipoona nilichokifanya. Angeingia nayo Guangzhou mfukoni, hajui alichobeba, na wewe hujui ulichomtuma. Ningekuwa nimemwangamiza mtu mwenye watoto kwa sababu tu niliona haya kukutajia neno moja.

Ghalib hajui. Nisamehe.

Swalha


Guangzhou, 15 Novemba 2024

Swalha,

Barua yako nimeichoma kwenye jiko la gesi, nikafungua madirisha kama vile moshi wa karatasi ungenishtaki. Hii nayo ukiisoma ichome.

Unamkumbuka Dullah wa mapazia? Mwezi wa nane katoka huko huko kwako. Hapa uwanja wa ndege wakamtenga, wakampa kikombe akojoe. Akawaambia ukweli, nimevuta kule, na kule inaruhusiwa. Wakamjibu kwamba wao hawaulizi kavutia wapi, wanauliza kimo mwilini au hakimo. Wakamweka ndani, wakamrudisha kwao, na stoo yake ikabaki na mapazia ya watu. Huo ndio mji ninaoishi. Na mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimemtuma Maulid akalete pakiti mbili.

Nakuagiza mambo mawili. La kwanza, acha. Leo. La pili, funga mdomo. Usimwambie Ghalib, usimwambie rafiki, na daktari usimwambie kabisa. Daktari anaandika, na kilichoandikwa kinatembea. Faili lako ndilo utakalokuja nalo hapa kujifungua, sitaki liwe na neno hilo. Daktari akikuuliza unatumia nini, sema hutumii kitu.

Ningekuja mwenyewe nikakuangalia. Siwezi. Kibali changu kinakwisha mwezi wa nne, na mwaka huu wanataka wakuone upo. Mwenye kutokatoka hapewi tena. Miaka kumi na sita yangu yote iko humu.

Muzdalifa nimemwambia dawa haipatikani tena. Wewe acha hayo mapipi, nyamaza, na mwezi wa saba uje.

Bimdogo


Bangkok, 12 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umeniandikia mara mbili na sikujibu. Wazee wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huu.

Nilipopata barua yako niliacha. Siku chache tu. Kutapika kukanirudia vibaya zaidi, nikarudi kwenye nusu, nusu ikawa nzima, sasa nzima haitoshi. Na cha ajabu hata nikila bado natapika. Kitu kimoja tu kinanituliza, maji ya moto. Nakaa chini ya bomba la maji ya moto mpaka vidole vinakunjana, nikitoka tu tumbo linaanza tena. Naishi bafuni. Nimelazwa mara mbili, wamenitundikia dripu, wakanirudisha nyumbani. Daktari ni mtu mzima, mpole, anazungumza Kiingereza taratibu ili nimwelewe. Kila mara ananiuliza kama kuna kitu ninachotumia, chochote. Nami kila mara nasema hakuna, kama ulivyonifundisha. Amenipima damu, amenipima koo, amenipima tumbo, haoni kitu. Mara ya mwisho alikuna kichwa akaniambia anahisi kuna jambo linampita.

Mtoto hakui, shangazi. Wamempima kwenye picha, yuko nyuma ya miezi yake. Mimi mwenyewe pete ya ndoa imenivuka kidoleni nikiosha vyombo.

Kuna jambo jingine nilikuficha. Duka lile lina kibao mlangoni, chenye picha. Mtoto amepigwa mstari mwekundu, na mwanamke mwenye tumbo amepigwa mstari mwekundu. Nilikiona tangu siku ya kwanza. Yule msichana hajawahi kunikatalia kwa sababu hajui. Baibui langu pana, linashuka moja kwa moja, anaona mwanamke mgonjwa tu. Nilikuandikia kwamba serikali imeruhusu. Imeruhusu kweli, ila si kwa aliye kama mimi.

Ghalib anasema konteina limeshatoka lakini biashara imelala, atakuja baada ya Ramadhani. Mwezi wa saba umekaribia na siwezi kupanda ndege, siwezi hata kushuka ngazi bila kushika ukuta. Na hata ningeweza, wakinipa kikombe kama Dullah?

Niambie nimwambie nini daktari. Nimechoka kuwa peke yangu na jambo hili.

Swalha


Guangzhou, 20 Januari 2025

Mwanangu Swalha,

Mwaka mpya wa Wachina umekaribia, mji unahama. Kule Kangle, mtaa wa mafundi wa nguo, nimekwenda kufuata madera yangu nikakuta vyerehani vimefunikwa, mafundi wamebeba mabegi wanakwenda kwao. Nimerudi mikono mitupu, na afadhali, maana nisingekuwa na nguvu ya kupanga hata dera moja. Barua yako nimeikuta chini ya mlango.

Yupo binti mmoja hapa, Imelda, wa Bukoba, anamaliza udaktari chuo kimoja cha hapa. Jumapili akitoka kanisani hupitia kwangu kula chapati. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, nikasema mke wa mteja wangu Dar, mjamzito, anatapika hivi na hivi, haonekani ana nini. Alikuwa anakula anasikiliza. Nilipotaja maji ya moto akaacha kula.

Akaniuliza, "Mama, huyo dada anatumia bangi?"

Swalha, neno hilo sikulitaja. Nilitaja maji ya moto tu.

Akanieleza, nami nakuandikia kama nilivyomwelewa. Wapo watu, wakiitumia kwa muda, kile kilichokuwa kinawatuliza kinageuka, kinakuwa ndicho kinachowatapisha. Wanazidisha wakidhani ni dawa, nacho kinazidi. Maji ya moto ndiyo yanayowapa nafuu, na daktari akilisikia hilo anajua. Lakini asiyeambiwa atapima koo na tumbo mpaka achoke. Akasema pia kwamba huko ilikoruhusiwa, kuna nchi walizochunguza wakaona wajawazito wanaoitumia wameongezeka, na wengi ukiwauliza watakwambia ni majani tu, mbona dukani inauzwa. "Sheria imeandikwa kwa ajili ya wakubwa," kaniambia. "Mtoto aliye tumboni hakuna aliyemuuliza." Wengine mtoto anazaliwa mdogo, wengine kabla ya siku zake, wengine haonekani kitu. Kilicho hakika ni kwamba daktari asiyejua hawezi kusaidia.

Nikamwambia wakimjua watamfunga. Akaniangalia akaniuliza huyo dada yuko wapi. Nikasema Bangkok. Akasema Bangkok hakuna atakayemfunga kwa kumwambia daktari wake.

Nimekaa na hilo siku nzima. Mimi nilichukua woga wa mji huu nikauleta mpaka kwako, ambako hauna kazi. Na si woga wa kukulinda wewe peke yako. Niliogopa jina langu. Niliogopa watu wa hapa waseme Bimdogo mwanawe kafanya hivi, na askari wa mtaa waje kunigongea. Mtoto nilimfikiria, lakini baadaye. Mficha uchi hazai, huu msemo nimekulia nao, halafu nikakufundisha kuficha.

Mwambie daktari. Mwambie yote, na maji ya moto, na kibao cha mlangoni. Mdomo ukikataa, toa pakiti uweke mezani kwake, atasoma. Itaandikwa kwenye faili, na mimi sitakutaka tena uje na faili hilo hapa. Chumba nitakipakia mizigo. Ila niliuma midomo nilipokuwa naandika hili.

Muzdalifa kumbe hakukata tamaa, mumewe alishamwagiza mtu mwingine. Nimelazimika kumwambia dawa ile ni nini. Na kwa kuwa wote wanajua niliisifia kwa jina lako, sasa wanajua na habari yako. Nisamehe, sikuona njia nyingine ya kumzuia.

Shangazi yako,
Bimdogo


Bangkok, 23 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimemwambia. Nilichelewa, nilikwenda kwake mara mbili nikarudi nayo rohoni. Mara ya tatu nikaweka pakiti mezani kama ulivyoniambia, maana mdomo ulikataa kweli.

Hakukasirika. Aliisoma pande zote, akaweka kalamu chini, akaniuliza tangu lini. Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu jibu hilo hata wewe sikukupa. Sikuanza kwa kutapika, shangazi. Nilianza mwaka juzi, ile mimba ya kwanza ilipotoka. Nilikuwa silali. Ghalib alikuwa safarini, na duka lilikuwa chini hapo, na msichana akaniambia hii inaleta usingizi. Ilileta. Mimba hii ilipoingia nilikuwa tayari nakula kila siku, na nilipoanza kutapika nikapata sababu nzuri ya kukuandikia.

Daktari akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikamwambia nilikotoka mtu hasemi. Akanitaka niache kabisa, akanipa dawa za kunisaidia. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya, nilitokwa na jasho, nilimpigia Ghalib nikamgombeza kwa jambo ambalo hata silikumbuki. Halafu asubuhi moja nikaamka tumbo limetulia. Nikapika wali nikaula wote na nikasubiri uniletee balaa, haukuleta.

Ghalib nimemwambia kwenye simu. Akasema sawa, basi. Tangu hapo anapiga, anauliza hali, lakini anazungumza nami kama mtu wa benki.

Muzdalifa umefanya vizuri. Jina langu liacheni tu, lina kazi gani huko kama mwenyewe siji.

Mtoto anakua kidogo, ila bado mdogo. Niombee.

Swalha


Bangkok, 13 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimejifungua wiki mbili zilizopita, kabla ya wakati, mkesha wa Idi. Ni msichana. Ana kilo moja na nusu na zaidi kidogo. Yuko kwenye chumba cha joto, ana mpira puani, na mkono wake wote unaenea kwenye kidole changu. Yuko hai. Neno hilo ndilo ninaloamka nalo.

Nilimuuliza daktari, ni mimi? Ni ile bangi? Akasema inawezekana ni bangi, inawezekana ni kutapika na kutokula, inawezekana angezaliwa hivi hivi. Hakuna atakayeweza kunijibu, na akinijibu mtu kwa uhakika nisimwamini. Akasema tutamwangalia anavyokua, atakavyoshika, atakavyosoma. Kumbe hukumu yangu nitaingoja miaka.

Ghalib alikuja. Alimwadhinia mtoto kupitia kioo, hawakumruhusu kumbeba. Alikaa siku chache akarudi Dar, mzigo unamngoja. Ananipenda, najua, lakini alikuwa akiniangalia mikono kila nikishika kikombe.

Nakamua maziwa, nampelekea asubuhi na jioni, hayo ndiyo anayokunywa. Muuguzi ananiuliza kila siku kama maziwa ni safi, yaani kama sijarudia bangi, nami kila siku namwambia ni safi. Katikati ya hapo narudi nyumbani. Nyumba haina mtu. Kitanda cha mtoto Ghalib alikiunganisha, kimekaa kitupu. Hakuna wa kunikanda, hakuna wa kunichemshia maji, arobaini yangu naihesabu peke yangu kama kifungo. Usingizi umenikataa tena kama ule wakati.

Jana nilipotoka hospitali nilisimama mlangoni pa duka. Yule msichana alinitambua. Akatoka nje, akafurahi, akaniuliza mbona nilipotea muda wote huu.

Wanaadhini alasiri, na maziwa yamejaa, acha nikakamue.

Swalha


Guangzhou, 18 Aprili 2025

Mwanangu,

Barua yako imefika Alhamisi. Maonyesho ya Pazhou yameanza tena, nina wateja watano hotelini wanangoja niwapeleke viwandani. Nimewaambia wamtafute mwengine. Wamekasirika, na wana haki.

Leo asubuhi nimekwenda uhamiaji kuchukua paspoti yangu. Kibali kilikuwa kwenye foleni ya kuongezwa. Karani, binti mdogo, alinieleza mara mbili kwa upole, akidhani sikuelewa. Nikiitoa sasa, foleni nimejiondoa, na nikitoka China sirudi kwa kibali hiki, nitaanza upya kutoka Zanzibar kama mtu asiyewahi kufika. Nikamwambia nimeelewa mara ya kwanza. Nikatia sahihi. Nilidhani nitalia, lakini nilichohisi ni uchovu wa miguu tu.

Stoo anachukua mume wa Muzdalifa. Muzdalifa mwenyewe kajifungua mtoto wa kiume, mnene, analia nyumba nzima. Nilimbeba leo, nikamrudisha upesi, maana nilikuwa namfikiria huyo wako ambaye sijamshika.

Nafika Jumatano mchana. Usihangaike kuja uwanja wa ndege, kaa na mtoto, mimi nimeshazoea kuulizia njia kwa lugha nisizozijua. Nakuja na pilipili manga na mafuta ya kukukandia, vitu ambavyo hata wakinifungulia begi sina la kuwaficha. Arobaini iliyobaki tutaimaliza pamoja, na ikiisha tutaanza nyingine. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila mimi si mgeni na sijui kama nitakuponya. Nitakuchemshia maji, nitalala karibu nawe, na ukikosa usingizi utaniamsha tuzungumze Kiswahili.

Barua yako imeishia mlangoni, mwanangu. Hukusema kama uliingia. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta, haimo. Sikuulizi. Ukitaka kuniambia utaniambia nikifika, na liwe lolote, tutakwenda pamoja kwa muuguzi tukamwambie kuhusu maziwa. Mimi nakuja hivyo hivyo.

Shangazi yako,
Bimdogo